Kitufe cha Fikirte

Watu wakinisikia namtaja Ato Lisanework hudhani nina kijicho naye. Sina kijicho. Nina hasira, na hivyo ni vitu viwili. Kijicho unamwonea mtu kwa alichokipata. Mimi namkasirikia kwa alichokinyamazia, tena nitamkasirikia mpaka siku nitakayofukiwa, na padri akitaka kunikataza aje tuzungumze.

Naitwa Aregash. Nilikuwa mwandishi wa mikutano katika Mradi wa Visima vya Nyanda za Mashariki, hapa hapa Dessie, juu ya duka la magodoro. Wote pale waliniita Etiye, dada mkubwa, hata wanaume wenye vipara. Kazi yangu ilikuwa kukaa pembeni na kuandika walichosema wakubwa, na nimeandika upuuzi mwingi mpaka vidole vimeota sugu. Ato Lisanework, yaani Bwana Lisanework, alikuwa mkurugenzi wetu. Jina lake maana yake ni ulimi wa dhahabu, na wazazi wake hawakukosea.

Kwa jina mradi ulichimba visima. Kwa kweli ulichimba slaidi. Mtambo wa kuchimbia ulikuwa mmoja, tena wa kuazima, lakini slaidi tulikuwa nazo za kuezekea nyumba. Wilaya ikitaka kisima ilete picha na hesabu za watu wake, picha zitiwe kwenye slaidi, slaidi zipigwe ukutani, wafadhili watazame, wanywe kahawa, waamue. Kama hukuonekana ukutani, basi hukuwa na kiu.

Aliyetengeneza slaidi hizo ni Fikirte, binti mwembamba wa Shola Ber, mwenye kucheka kwa pua. Alifika kwetu na sanduku la mbao na kiburi cha watu wa mlimani, na siku ya kwanza tu alinirekebisha mahali nilipokosea kuandika jina la kijiji chao. Nikampenda hapo hapo. Mimi nampenda mtu anayenirekebisha, mradi awe amesema kweli.

Kabla yake mikutano ilikuwa aibu tupu. Mkurugenzi alisimama mbele ya wageni kutafuta faili la wilaya, akifungua folda hii, akifunga ile, na yote anayoyafanya yanaonekana ukutani yakiwa makubwa kama ng'ombe. Siku moja tuliona picha zote za harusi ya mpwa wake. Mgeni mmoja akauliza kama yule bibi harusi ni mnufaika wa mradi. Tulicheka kwa adabu, na Ato Lisanework hakula chakula cha mchana siku ile.

Fikirte ndiye aliyemtoa kwenye tope. Aliandika makro, maana yake amri alizozitunga mwenyewe na kuzificha ndani ya programu ya slaidi ili kompyuta izifuate bila kuuliza. Akaweka kitufe cha kijani kwenye slaidi ya kila wilaya. Ukikibonyeza, dirisha la kuchagua faili linafunguka lenyewe, tena linafungukia kwenye folda ile ile ya wilaya, si pengine. Unachagua faili, unabonyeza, na picha na hesabu zinaingia kwenye slaidi kila kitu mahali pake. Ofisi nzima tulisimama nyuma yake siku alipotuonyesha. Ato Lisanework akabonyeza, akabonyeza tena, akawa kama mtu aliyenunua redio mpya.

Basi siku hiyo alimvika Fikirte kilemba cha ukoka, akasema huyu ndiye jicho la mradi, huyu hatumwachi. Wiki chache baadaye nilimsikia akiwaambia watu wa makao makuu kwenye simu kwamba ametengeneza kitufe. Ametengeneza yeye. Fikirte alikuwa amekaa pale pale, akanitazama, akacheka kwa pua yake. Hakujali. Alikuwa na jambo kubwa zaidi moyoni, nami nitalisema sasa hivi, maana bila hilo hamtaelewa kitu.

Mama yake alikuwa akiishi Shola Ber, kijiji kilichoipa wilaya nzima jina. Kisima cha huko pampu yake ilikufa, na wanawake wakarudi kuteremka bondeni mpaka mto wa Gira, njia ya mawe matupu, kurudi ni kupanda. Mwenye punda alipakia punda. Mama yake Fikirte hakuwa na punda. Alibeba dumu mgongoni kwa kamba, na nyonga yake ilikuwa imeshaharibika, mwaka mmoja alianguka akalala njiani mpaka jirani alipomkuta. Fikirte alimwomba aje kukaa naye mjini. Mama akasema atakuja siku wafu wa Shola Ber watakapohama na yeye ahame nao. Ndivyo walivyo wale watu.

Sasa, msimu ule wa kiangazi mtambo ulikuwa unaazimwa kwa ajili ya wilaya moja tu. Zilizoomba zilikuwa tatu: Kolo Amba, Tid Mado na Shola Ber. Na kwetu kulikuwa na sheria, iliyowekwa baada ya mkurugenzi mmoja wa zamani kujaza visima alikozaliwa: mfanyakazi asiseme neno mkutanoni kuhusu wilaya ya kwao. Nilimwuliza Fikirte ataweza kunyamaza kweli. Akasema, "Mimi nitanyamaza, Etiye. Faili litasema."

Hapo ndipo linapoingia lile balaa la mwaka. Sisi tuna mwaka wetu na wageni wana wa kwao. Wetu uko nyuma, miaka saba hivi, na ikishaingia Januari yao inakuwa minane. Hatuhesabu kwa vidole. Mtoto wa Dessie anavuka kutoka mwaka huu kwenda ule kama anavyovuka kizingiti, asubuhi yuko kwetu, kwenye barua ya wafadhili yuko kwao, jioni amerudi nyumbani. Wilayani kila kitu kiliandikwa kwa mwaka wetu. Wafadhili walitaka wa kwao.

Kwenye mkutano mmoja Ato Lisanework alichagua faili la zamani kwa bahati mbaya, akaonyesha kijiji kinachokufa kwa kiu ambacho tulikuwa tumeshakichimbia kisima, na wafadhili hao hao walikata utepe. Waliuliza maswali kwa upole, ule upole unaochoma. Aliporudi ofisini alimwita Fikirte na kumwambia dirisha lionyeshe mafaili ya mwaka huu peke yake, mengine yote yasionekane. Fikirte akauliza mwaka upi. Akasema wa wageni, kwani nani anatazama ukutani? Fikirte akamwambia kwamba wilaya zote zinaandika mwaka wetu kwenye majina ya mafaili, kwa hiyo dirisha litakuwa tupu. Akajibiwa kwamba yeye ndiye atakuwa mlango: kila faili linaloingia alibadilishe jina, atoe mwaka wetu aweke wa wageni, kazi imekwisha.

Na kweli alikuwa mlango. Likija faili lenye 2004, analigeuza 2012, anaendelea na kahawa yake. Nilimwona akifanya hivyo siku nzima bila kutazama, kama mtu anayechambua dengu. Nilimwambia mbona usiiambie makro yako ikubali miaka yote miwili, yaishe. Akasema alishamwomba mkurugenzi, mkurugenzi akasema usiguse kitu kinachofanya kazi. Haya.

Asubuhi ya mkutano mafaili ya Kolo Amba na Tid Mado yalikuwa yamefika zamani na kubadilishwa majina. La Shola Ber lilikuwa halijaja. Mtandao wa huko ulikuwa umekufa, na Fikirte alikuwa anakwenda dirishani na kurudi, hatulii. Watumishi walikuwa wanapanga viti wakati Gashe Mulat, afisa maji wa Shola Ber, alipoingia na vumbi mpaka kwenye nyusi. Amekuja juu ya lori la viazi. Alifungua ncha ya gabi lake, lile shuka zito, akafungua fundo, akatoa flashi. Akaiweka kwenye kiganja cha Fikirte na kukifunga kwa mikono yake miwili. Akasema atakwenda kusubiri getini na wenzake wa wilaya zile nyingine, maana watu wa wilaya hawakuruhusiwa kuingia mkutanoni.

Fikirte akachomeka flashi. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, nimeshika karatasi zangu. Likafunguka faili na picha ya kwanza ilikuwa ya wanawake kwenye njia ya bondeni, wamepinda chini ya madumu, na wa tatu katika mstari alikuwa mama yake. Fikirte akaweka kidole kwenye kioo. Alisema mtazame huyu bibi, amevaa nguo ya kanisani kwenda kuteka maji kwa sababu amesikia kuna picha. Alicheka, kisha akafuta macho kwa mkono wa sweta, kisha akacheka tena. Akalihamisha faili kwenye folda ya wilaya, akalifunga, akakimbia kwenda kuwasha projekta, maana alikuwa ameshaitwa.

Jina la faili lilikuwa Shola Ber, Yekatit 2004. Nililisoma mimi kwa macho yangu haya. Naye alilisoma. Hatukuona kitu, kwa sababu hakukuwa na kitu cha kuona: ulikuwa mwezi wa Yekatit na mwaka ulikuwa 2004. Mngemwuliza yeyote barabarani, mwuza nyanya, polisi, shemasi, angewaambia 2004. Yale mafaili mengine aliyapokea kama mtu wa ofisi. Hili lilimjia kama kifurushi cha nyumbani, na alilisoma kwa macho ya nyumbani. Kosa lake ni hilo tu. Nimelitafuta lingine sijaliona.

Mkutano ukaanza saa tatu. Ilikuwa Kwaresima, kwa hiyo chai kavu na bisi, na wageni wakatafuna bisi kwa heshima. Ato Lisanework alizungumza vizuri, sitamdhulumu, ana mdomo wa asali yule. Akabonyeza kitufe cha Kolo Amba, dirisha likafunguka, faili lipo, slaidi zikajaa. Akabonyeza cha Tid Mado, vivyo hivyo, na mgeni mmoja akamwuliza mwenzake kwa sauti kitufe hicho kimetoka wapi. Mkurugenzi akatabasamu kama mama mwenye mtoto mzuri.

Akabonyeza cha Shola Ber. Dirisha likafunguka ukutani, jeupe, tupu.

Fikirte alikuwa amekaa kando yangu. Alinishika mkono kwa kucha. Alielewa mara moja, nilimsikia akinong'ona, "Mwaka. Sikubadilisha mwaka." Mkurugenzi alibonyeza tena, dirisha tupu tena. Akageuka kwa wageni na kusema anasikitika, Shola Ber naona hawakuleta taarifa yao, ndiyo matatizo ya wilaya za mbali.

Fikirte akasimama. Alisema, "Samahani, Ato Lisanework, limeletwa, lipo."

Na yule mtu akamtazama kwa huruma, huruma ya kuonyesha watu, akawaambia wageni: "Huyu Fikirte ni binti yetu wa Shola Ber. Msimlaumu, damu nzito kuliko maji." Wakacheka, wala si kwa ubaya. Mmoja alimpungia mkono akae. Mwenyekiti wa mkutano akakumbusha ile sheria. Fikirte akakaa. Angefanya nini? Angesimama tena wangesema ndio hao, kila mmoja anavutia kwao.

Mimi si wa Shola Ber. Mimi ni wa Dessie, nimezaliwa nyuma ya soko la Piassa. Fikirte akaninong'oneza cha kufanya: kwenye kile kisanduku cha jina, chini ya dirisha, mtu aweke alama ya nyota tu kisha abonyeze, na mafaili yote yatajitokeza, ya miaka yote. Ni jambo la muda wa kupiga chafya. Nikainuka na chupa ya maji kana kwamba namjazia mkurugenzi glasi, nikainama sikioni kwake, nikamwambia. Nyota, halafu bonyeza. Faili lipo, Ato Lisanework, lipo humo humo.

Alifunika maikrofoni kwa kiganja. Akasema, "Etiye, wewe andika. Kompyuta waachie wenye kompyuta." Kisha akaondoa kiganja na kusema kwa sauti, ili wote wasikie, akiniita Bibi kwa heshima ya mkutanoni, "Weizero Aregash, andika: Shola Ber hawakuleta."

Nikaandika. Ndiyo kazi niliyolipwa kuifanya. Mtambo wakapewa Tid Mado. Sisemi Tid Mado hawakuwa na kiu, walikuwa nayo, na Mungu awabariki na maji yao. Lakini Tid Mado mto uko nyuma ya shule.

Wageni walipotoka kwenda uani kunywa kahawa, Fikirte na mimi tulimfuata Ato Lisanework ofisini kwake. Fikirte aliinama juu ya kompyuta ya mkurugenzi, akabonyeza kitufe, dirisha likafunguka tupu, akaandika nyota, akabonyeza. Faili likatokea. Akalifungua. Wale wanawake wakajaa kwenye kioo na madumu yao.

Mkurugenzi aliwatazama wale wanawake mmoja mmoja. Namjua mtu anapoelewa, na yeye alielewa. Nikamwambia wageni bado wako chini, kahawa ya pili hata haijamiminwa, ashuke sasa hivi aseme kulitokea hitilafu, wapande, watazame. Hakuna mtu aliyewahi kufa kwa kusema kulitokea hitilafu.

Akasema, "Nikashuke niwaambie nini? Kwamba ofisi yangu haijui huu ni mwaka gani?"

Fikirte akasema, "Waambie ni mimi. Ni mimi kweli. Nifukuze mbele yao, lakini washuhudie faili."

"Nikisema ni wewe nimesema ni mimi," alijibu. "Unadhani wanajua jina lako?" Kisha akalainisha sauti, akatoa ile asali yake, akasema kwamba yeye ana uchungu kama sisi, lakini uamuzi umeshatoka, maji yakimwagika hayazoleki, na mwakani Shola Ber itakuwa ya kwanza, anaahidi.

Nilitaka kumpiga kwa kile kijiti cha projekta. Kumwambia hivyo msichana ambaye mama yake anabeba maji mgongoni! Lakini mzigo wa mwenzio kanda la usufi. Alivaa koti, akashuka, na kutoka dirishani nikamwona akicheka na wageni, mmoja wao akimwonyesha kwa vidole jinsi ya kubonyeza kitu. Walikuwa wanazungumzia kitufe.

Gashe Mulat alikuwa getini, amekaa juu ya jiwe. Wale wa Tid Mado walikuwa wameshapigiwa simu na walikuwa wanakumbatiana, kwa hiyo alishajua nusu. Nilimwambia Fikirte niende mimi. Akakataa. Alisimama mbele yake na kumwambia yote, wala hakujificha nyuma ya mkurugenzi, alisema mafaili ya wenzenu niliyabadilisha mwaka na lenu sikulibadilisha, dirisha likalificha.

Mzee hakufoka. Alimtazama kama mtu anayetafuta neno la kigeni. Akasema, "Lakini mwanangu, nilikupa mkononi."

Fikirte akasema ndiyo, ulinipa mkononi.

Akauliza kama faili limeharibika. Fikirte akasema hapana, ni zima, lipo. Hilo ndilo lililomshinda kabisa kuelewa. Mwishoni aliomba arudishiwe flashi, kwa sababu ilikuwa ya shule, akaifunga kwenye ncha ya gabi lake na kwenda kutafuta lori.

Alasiri ile ile Fikirte aliirekebisha makro bila kumwomba mtu ruhusa. Ikakubali miaka yote miwili, wetu na wao. Ulikuwa mstari mmoja. Alinionyesha huo mstari, mfupi kuliko jina langu. Kisha akaegemea kiti na kutazama dari mpaka tukafunga ofisi.

Mnadhani iliishia hapo? Baada ya majuma machache ikaja barua kutoka makao makuu, yenye pongezi. Kitufe cha Ato Lisanework kitumike katika ofisi zote za mradi, na mfundishaji atakuwa mtengeneza slaidi wake. Hawakuandika jina lake. Fikirte akazunguka miji na kompyuta begani, akifundisha watu wazima jinsi ya kufungua dirisha. Nilimwuliza anawaambia nini. Akasema anawaambia kwamba mtu huchagua katika alichoonyeshwa, na hakuna anayeuliza kama kuna kingine. Wanaandika kwenye madaftari, halafu wanauliza chakula cha mchana ni saa ngapi.

Pasaka ilipokaribia aliniomba niende naye kwao. Alisema hawezi kuingia Shola Ber peke yake. Nilimwambia nenda zako, mama yako ni mama yako, lakini nikafunga mzigo.

Kumbe Gashe Mulat, Mungu ampe miaka, hakutaja mkono. Kijiji kizima kilijua kwamba faili lao lilifichwa ofisini na kwamba yuko mtu aliyelificha. Nani, hakusema. Walikuwa wamejitungia mtu wao, mnene, mwenye gari, aliyekula rushwa ya Tid Mado. Fikirte alipotokea kwenye njia walimkumbatia, wakamwambia wewe ndiye wetu huko ndani, laiti wangekuwa wengi kama wewe.

Mama yake, Weizero Tewabech, alikuwa mdogo kuliko alivyokuwa kwenye picha. Anatembea akivuta mguu. Siku ya Pasaka kuku alikuwa ameshachinjwa, mchuzi umeiva, injera imetandazwa, majirani wamejaa, na Gashe Mulat amekaa ukutani akitazama magoti yake. Kabla ya kula mama akaja na birika na beseni kutunawisha, kama inavyofanywa katika kila nyumba yetu. Akaanza na mimi, mgeni. Maji yalikuwa na rangi ya udongo kidogo. Nikasema inatosha, mama, inatosha, nikavuta mikono. Akanikaripia kwamba huko mjini hatujui kunawa.

Akafika kwa Fikirte. Fikirte alinyoosha viganja na kuviacha hivyo, wazi, hasugui. Mama akamimina, maji yakapita kwenye vidole na kuingia kwenye beseni.

"Sugua basi," mama akasema. "Unanipotezea maji."

Akasugua.

Mama alipomaliza kutunawisha sote alisimama katikati na birika mkononi, akaomba kama mwenye nyumba anavyoomba. Aliomba uzima, akaomba mvua, akawaombea waliosafiri, na kila mara tuliitikia amina. Kisha akasema, "Na yule aliyekuwa na jina letu mkononi siku ile asilitoe, Bwana aliyefufuka amkaushe koo, amkaushe tumbo, asipate wa kumtilia maji siku anakufa."

Amina, wakasema majirani. Gashe Mulat aliisema chini chini, kidevu kifuani. Mimi nilifungua mdomo na haikutoka.

Fikirte aliisema. Aliisema wazi, mikono yake bado inachuruzika, na wote tuliisikia. Mama yake akafurahi, akaketi karibu naye, akamega injera, akaichovya kwenye mchuzi na kuviringa tonge la kwanza, kubwa, la mapenzi, akamletea mdomoni. Fikirte akafungua mdomo, akala.